Alfred Hauptmann: Mkimbizi aliyewaachia watoto wa dunia dawa ya kifafa

Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, mzazi anayempeleka mtoto mwenye kifafa hurudi nyumbani na vidonge vya fenobabitoni. Ni dawa ya bei nafuu, na ina umri mkubwa kuliko karibu mataifa yote huru ya bara letu. Ilianza kutumiwa kutibu kifafa mwaka 1912, wakati Tanganyika ikiwa bado koloni la Mjerumani.

Wengi wanaoimeza hawajui kwamba aliyegundua uwezo wake wa kuzuia kifafa alikuwa daktari wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Wala hawajui kwamba nchi yake ilimfukuza kazini, ikamtia katika kambi ya mateso, na akafa ukimbizini nchini Marekani. Jina lake ni Alfred Hauptmann.

Maisha ya mtu huyu yanatuhusu sisi tulio ughaibuni kwa njia mbili. Kwanza, alikuwa mkimbizi. Pili, dawa yake imeleta ubishi ambao leo umeingia hata katika nyumba za Waswahili wa Houston, Dallas na Fort Worth. Familia kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya hufika Texas na watoto waliotumia fenobabitoni kwa miaka, kisha daktari wa hapa anapendekeza wabadilishiwe dawa. Mzazi anabaki na swali zito. Je, dawa aliyompa mwanawe kwa mapenzi yote ndiyo iliyomfanya awe mzito wa kuelewa darasani?

Ili kulijibu swali hilo kwa haki, inafaa kuanza na mtu mwenyewe.

Kijana wa Gleiwitz

Hauptmann alizaliwa tarehe 29 Agosti 1881 katika mji wa Gleiwitz, uliokuwa Ujerumani na ambao leo unaitwa Gliwice, nchini Poland. Alisomea udaktari, akajikita katika magonjwa ya neva na ya akili. Alifanya kazi Heidelberg na Hamburg, na mwaka 1911 akahamia Freiburg, mji ulioko kusini-magharibi mwa Ujerumani.

Mkuu wake huko Freiburg alikuwa Profesa Alfred Hoche. Msomaji alikumbuke jina hilo, kwa maana tutalirudia.

Wakati huo hospitali za wagonjwa wa akili zilijaa watu wenye kifafa. Dawa kuu ilikuwa bromaidi, aina ya chumvi iliyoanza kutumiwa kwa kifafa baada ya daktari wa Uingereza, Charles Locock, kuitaja mwaka 1857. Bromaidi ilipunguza kuanguka, lakini kwa gharama kubwa. Wagonjwa walitoka vipele mwilini, wakasinzia mchana kutwa, wakasahau mambo na kuchanganyikiwa. Wengi waliishi miaka mingi katika hali ya kuzubaa, na watu wa nje wakadhani kuzubaa huko ni kifafa chenyewe, kumbe kwa sehemu kubwa ilikuwa dawa.

Kwa hiyo swali la dawa ya kifafa na akili ya mgonjwa lilikuwapo kabla ya Hauptmann, na yeye ndiye aliyelipatia nafuu ya kwanza.

Usiku wa wodini

Mwaka 1912 kampuni ya Bayer iliingiza sokoni dawa mpya ya usingizi iliyoitwa Luminal. Jina lake la kitaalamu ndilo fenobabitoni. Ilikuwa ndugu wa Veronal, dawa nyingine ya usingizi iliyotangulia mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna aliyeitengeneza kwa ajili ya kifafa.

Inasimuliwa kwamba Hauptmann, akiwa daktari kijana, alilala katika chumba kilichokuwa juu ya wodi ya wagonjwa. Usiku alikosa usingizi kwa sababu ya kelele za watu walioanguka na kujigonga kwa kifafa. Akaamua kuwapa Luminal ili walale, naye apate kulala.

Wagonjwa walilala. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kuangalia mambo kwa makini, aliona jambo ambalo hakulitarajia. Kifafa kilipungua usiku na mchana pia, wakati mgonjwa yuko macho. Wale walioanguka mara nyingi walianguka mara chache, na walioanguka vibaya walianguka kwa wepesi zaidi.

Aliyaandika matokeo hayo mwaka huohuo katika gazeti la madaktari la mjini Munich. Alieleza kwamba baadhi ya wagonjwa ambao maisha yao yote yalikuwa ndani ya hospitali waliweza kutoka na kufanya kazi. Ukilinganisha na bromaidi, walikuwa wachangamfu zaidi.

Hili ni jambo la kulitia akilini. Fenobabitoni, ambayo leo inalaumiwa kwa kuwapumbaza watoto, ilipokelewa mwaka 1912 kama dawa iliyowazindua watu kutoka katika uzito wa bromaidi. Dawa hupimwa kwa kulinganishwa na kile kilichokuwapo kabla yake.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilizuka mwaka 1914, na Hauptmann akahudumu kama daktari wa jeshi. Vita hiyo ilichelewesha habari za dawa yake kuenea katika nchi zilizokuwa zikipigana na Ujerumani. Ni baada ya vita, katika miaka ya 1920, ndipo madaktari wa Uingereza na Marekani walipoitumia kwa wingi.

Profesa wa Halle

Mwaka 1926 Hauptmann aliteuliwa kuwa profesa kamili na mkuu wa kliniki ya magonjwa ya akili na neva katika Chuo Kikuu cha Halle. Alikuwa na umri wa miaka 44. Kwa mtu wa asili ya Kiyahudi katika Ujerumani ya wakati ule, kufika cheo hicho hakukuwa jambo dogo.

Lakini miaka sita kabla ya hapo, yule mkuu wake wa zamani, Hoche, alikuwa ameandika kitabu pamoja na mwanasheria Karl Binding. Kitabu hicho cha mwaka 1920 kilidai kwamba wapo watu ambao maisha yao hayana thamani, na kwamba sheria iruhusu waondolewe. Waliolengwa ni wagonjwa wasiopona na watu wenye ulemavu mkubwa wa akili.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, mawazo ya namna hiyo yaligeuzwa kuwa sheria. Tarehe 14 Julai 1933 ilipitishwa sheria ya kuwahasi watu waliodaiwa kuwa na magonjwa ya kurithi. Kifafa cha kurithi kiliorodheshwa waziwazi. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 400,000 walihasiwa chini ya sheria hiyo.

Mwaka huohuo Wayahudi walianza kufukuzwa katika utumishi wa umma. Mwanzoni waliopigana vita vya 1914 hadi 1918 walisazwa. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilifuta msamaha huo, na Hauptmann akapoteza kiti chake Halle. Akarudi Freiburg, mji wa ugunduzi wake, akiwa hana kazi.

Wapo watakaouliza kwa nini hakuondoka mapema. Sisi tuliowahi kuacha nchi zetu tunalijua jibu. Mtu hung'ang'ania nchi yake kwa matumaini kwamba mambo yatatulia, kwamba utumishi wake utakumbukwa, kwamba waliomzunguka hawawezi kufika mbali hivyo. Kuondoka ni kukiri kwamba nyumbani si nyumbani tena.

Dachau

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi yalichomwa na maduka ya Wayahudi yakavunjwa vioo kote Ujerumani. Wanaume Wayahudi wapatao 30,000 walikamatwa na kupelekwa katika kambi za mateso. Hauptmann, mwenye miaka 57, alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Dachau.

Aliachiliwa baada ya wiki kadhaa. Wengi waliotoka kambini wakati ule walitoka kwa sharti la kuihama nchi. Hauptmann aliondoka mwaka 1939, akapitia Uswisi na Uingereza, hatimaye akafika Marekani.

Huku nyuma yalitokea mambo ambayo ni vigumu kuyaandika. Kuanzia mwaka 1939 utawala wa Nazi uliwaamuru madaktari na wakunga kutoa taarifa za watoto wachanga wenye ulemavu. Waliochaguliwa walipelekwa katika wodi maalumu na kuuawa. Watoto wasiopungua 5,000 waliangamia hivyo, wakiwamo wenye kifafa. Mojawapo ya njia zilizotumika mara nyingi ilikuwa kuwapa Luminal kwa kiwango kikubwa, siku baada ya siku, hadi mapafu yao yashindwe.

Dawa ileile. Vidonge ambavyo Hauptmann aliona vikiwatoa wagonjwa kitandani na kuwarudisha kazini viligeuzwa kuwa silaha ya kimya dhidi ya watoto. Watu wazima nao hawakusalimika. Hadi Agosti 1941 watu wapatao 70,000 kutoka hospitali za akili walikuwa wameuawa kwa gesi, na mojawapo ya vituo vya mauaji hayo kilikuwa Bernburg, si mbali na Halle.

Miaka ya Boston

Boston ilimpokea Hauptmann kama ilivyowapokea madaktari wengine wakimbizi. Alifanya kazi katika Hospitali ya Joseph H. Pratt, pamoja na Siegfried Thannhauser, daktari mwenzake aliyekuwa amefukuzwa Freiburg. Mtu aliyekuwa mkuu wa kliniki nzima alianza upya katika lugha ya kigeni, akikaribia miaka 60. Wapo madaktari, walimu na mawakili wa Kongo na Burundi wanaoendesha teksi au kupanga mizigo katika maghala ya Texas ambao hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Hata hivyo hakukaa bure. Mwaka 1941 yeye na Thannhauser walichapisha maelezo ya ugonjwa wa misuli wa kurithi waliouona katika familia moja yenye asili ya Kifaransa ya Kanada, ambamo watu tisa wa vizazi vitatu walikuwa wameathirika. Ugonjwa huo ulikuja kuhusishwa na majina yao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Boston hiyohiyo ndipo mahali ambapo mwaka 1938 madaktari Tracy Putnam na Houston Merritt walionyesha kwamba dawa nyingine, fenitoini, huzuia kifafa bila kumlaza mgonjwa. Ulikuwa uthibitisho mkubwa wa kwanza kwamba kuzuia kifafa na kuleta usingizi ni mambo mawili tofauti. Tangu hapo wanasayansi walianza kutafuta dawa ambayo ingetuliza kifafa na kuiacha akili huru.

Hauptmann alifariki Boston tarehe 5 Aprili 1948, akiwa na miaka 66. Katika nchi zinazozungumza Kijerumani, tuzo ya watafiti wa kifafa imepewa jina lake. Nje ya duru za wataalamu, wachache wanamjua.

Dawa yafika Mahenge

Miaka 12 hivi baada ya kifo chake, dawa yake ilifanya kazi kubwa katika nchi ambayo hakuwahi kuiona. Mahenge, wilayani Ulanga, mkoani Morogoro, ilijulikana kwa mapigano makali ya Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwaka 1960 daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha hapo kliniki ya kifafa kati ya Wapogoro.

Alikuta watu wenye kifafa wametengwa. Waliogopwa kwa imani kwamba mate yao huambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafigani, na hakuna aliyethubutu kuwagusa wakati wa kuanguka. Dawa aliyowapa hasa ilikuwa fenobabitoni. Watu waliokuwa wakilala pembeni walirudi kula na familia zao, wakalima, wakaoa na kuolewa.

Lakini Mahenge ilifundisha pia upande wa pili. Jilek-Aall na daktari Mtanzania Henry Rwiza walifuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa miaka 30, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Takriban theluthi mbili walikuwa wamefariki, na zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa chenyewe, kama vile kuanguka mfululizo bila kuzinduka, kuzama majini na kuungua.

Hapo ndipo mizani ilipo. Kifafa kisichotibiwa huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi maskini zaidi, robo tatu yao hawapati matibabu wanayohitaji. Fenobabitoni imo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, hasa kwa sababu ni rahisi na inafanya kazi.

Swali la akili za watoto

Sasa tuje kwa watoto. Fenobabitoni hufanya kazi kwa kuongeza nguvu ya kemikali ya ubongo inayotuliza seli za neva. Ni kama kukanyaga breki. Shida ni kwamba breki hizo hazichagui gurudumu. Zinapotuliza seli zinazoleta kifafa, hutuliza pia zile za kumakinika, kukumbuka na kufikiri kwa haraka. Kwa watoto wengine hutokea kinyume: hawasinzii, bali huwa watundu kupita kiasi, wenye hasira na wasiotulia.

Mwaka 1990 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliotikisa madaktari wa watoto. Watafiti wa jimbo la Washington waliwachukua watoto 217 wenye umri kati ya miezi 8 na 36 waliokuwa wamepata degedege la homa. Nusu walipewa fenobabitoni, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa. Baada ya miaka miwili, kundi lililopewa dawa lilikuwa nyuma kwa takriban alama 8 katika kipimo cha akili. Miezi sita baada ya kuacha dawa, tofauti ilikuwa bado kama alama 5. Na dawa yenyewe haikuonekana kuzuia degedege kurudi.

Watoto hao walipopimwa tena miaka kadhaa baadaye, waliotumia dawa walionekana kuwa nyuma katika kusoma. Leo Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hakishauri kumpa mtoto dawa ya kila siku kwa sababu ya degedege la kawaida la homa.

Wengi walisoma matokeo hayo wakahukumu kwamba fenobabitoni ni sumu kwa watoto. Lakini tuangalie vizuri. Watoto wale hawakuwa na kifafa. Walikuwa na degedege la homa, ambalo mara nyingi hupita lenyewe mtoto anapokua. Kwao dawa ilikuwa na hasara bila faida.

Kwa mtoto mwenye kifafa halisi hesabu ni nyingine. Kila kuanguka kunamtoa darasani. Kuna hatari ya majeraha na ya kifo. Aidha, jambo lililoleta kifafa, kwa mfano malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo au matatizo wakati wa kuzaliwa, huenda lilikuwa limekwisha kuathiri uwezo wake wa kujifunza. Kumtupia lawama zote kidonge ni kukosa haki.

Tafiti zilizofanywa katika mazingira yanayofanana na ya kwetu zinaonyesha hivyo. Nakuru, Kenya, watu 302 waligawanywa kati ya fenobabitoni na karbamazepini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya dawa hizo mbili. Dhaka, Bangladesh, watoto 108 wenye kifafa walilinganishwa kwa dawa hizohizo, na mwaka 2007 watafiti wakaripoti kwamba fenobabitoni haikuleta matatizo ya tabia zaidi ya mwenzake.

Kwa watoto wachanga waliozaliwa karibuni, hadithi inageuka kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba fenobabitoni ilizuia kifafa kwa watoto wachanga 8 kati ya 10, wakati dawa mpya ya levetirasetamu iliwasaidia chini ya 3 kati ya 10. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya fenobabitoni kwa watoto hao, miaka 110 baada ya Hauptmann.

Wala dawa mpya hazikosi lawama. Topiramati huwafanya baadhi ya watumiaji wahangaike kutafuta maneno. Valproeti, ikitumiwa na mama mjamzito, hupunguza uwezo wa akili wa mtoto atakayezaliwa, jambo lililothibitishwa na tafiti za Marekani na Uingereza zilizochapishwa mwaka 2009 na 2013. Wasichana wanaoitumia, na wazazi wao, wana haki ya kuelezwa hilo mapema, kabla ya kufika umri wa kuzaa.

Houston, Dallas na Fort Worth

Texas ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1949, kwa msaada wa kikundi cha akina mama wa Houston kiitwacho Blue Bird Circle, ilifunguliwa kliniki ya watoto wenye magonjwa ya neva katika Hospitali ya Methodist. Mwanasayansi aliyeijenga, Peter Kellaway, alikuwa mzaliwa wa Johannesburg. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kusoma mawimbi ya umeme ya ubongo wa watoto, kazi iliyosaidia kujua ni mtoto gani ana kifafa kweli na ni yupi asiyehitaji dawa. Alifariki mwaka 2003. Leo Houston, Dallas na Fort Worth zote zina hospitali za watoto zenye kliniki za kifafa.

Kwa nini basi madaktari wa hapa huwaondoa watoto wetu kwenye fenobabitoni? Sababu kubwa ni kwamba hapa zipo dawa nyingi za kuchagua, na vipimo vya damu viko karibu. Zahanati ya Kigoma au kambi ya Nyarugusu haina nafasi hiyo. Mzazi aliyempa mwanawe fenobabitoni huko alimpa dawa iliyomlinda. Hana sababu ya kujilaumu.

Lakini yapo mambo ya kuzingatia, na maisha ya Hauptmann yanatufundisha la kwanza: kuangalia mgonjwa kwa makini. Mzazi ndiye aliye na mtoto asubuhi na usiku. Aandike siku za kuanguka, saa za dawa, jinsi mtoto anavyolala, anavyosoma, anavyokasirika. Daktari akiona daftari hilo ataweza kutofautisha uzito unaotokana na dawa na ule unaotokana na kifafa. Mara nyingine tatizo si dawa bali ni kiwango, na kupunguza kidogo hutosha.

La pili ni la uhai. Fenobabitoni isiachwe ghafla hata siku moja. Mwili uliozoea dawa hiyo ukikatiwa kwa mpigo, kifafa huweza kurudi mfululizo bila kukoma, na mtoto akafa. Hubadilishwa polepole kwa wiki au miezi, chini ya uangalizi wa daktari. Anayesikia kanisani au msikitini kwamba dawa hii inaharibu akili asikimbilie kuitupa jalalani.

La tatu, kutegemea dawa iliyotoka nyumbani kwenye begi ni hatari. Marekani huihesabu fenobabitoni kama dawa yenye udhibiti wa kisheria, na ikiisha ghafla hutaipata bila cheti cha daktari.

La nne ni lugha. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinatakiwa kisheria kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Usikubali mtoto wako wa miaka 10 akutafsirie kipimo cha dawa ya mdogo wake. Omba mkalimani wa Kiswahili.

La tano ni shule. Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu inataja kifafa kwa jina miongoni mwa hali zinazoweza kumpa mtoto haki ya elimu maalumu. Mtoto akizubaa kwa sababu ya kifafa au dawa, mzazi anaweza kuandika barua kuomba apimwe. Texas ina doa hapa. Kuanzia mwaka 2004 mamlaka ya elimu ya jimbo iliweka lengo la asilimia 8.5 ya wanafunzi kupewa elimu maalumu, na watoto wengi wakanyimwa. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo mwaka 2016, ukomo huo ukapigwa marufuku mwaka 2017, na Januari 2018 serikali kuu ikathibitisha kwamba Texas ilikuwa imevunja sheria. Mzazi aliyekataliwa enzi hizo ana haki ya kuomba tena.

Urithi wake

Alfred Hauptmann hakuacha dawa kamilifu. Aliacha dawa iliyokuwa bora kuliko ile aliyoikuta, na wengine wakaendelea kutoka hapo. Ndivyo tiba inavyokwenda. Kosa lingekuwa kubaki na bromaidi kwa sababu Luminal haikuwa kamili, kama ambavyo leo ni kosa kumng'ang'aniza mtoto dawa inayomzubaisha wakati iliyo nafuu ipo.

Kuna somo jingine la maisha yake, nalo ni zito zaidi. Kidonge kilekile kiliwainua wagonjwa wa Freiburg, kikawarudisha jamaa wa Mahenge kwenye jamvi la chakula, na mikononi mwa watu waliokwisha kuamua kwamba mtoto mwenye kifafa hana thamani, kikaua. Kilichobadilika kati ya wodi hizo ni namna aliyekitoa alivyomwona mtoto aliyekuwa mbele yake.

Katika jamii zetu bado wapo wanaomficha mtoto mwenye kifafa wageni wanapokuja, au wanaomwachisha shule kwa kuamini hatajifunza kitu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dawa sahihi kwa kiwango sahihi. Kabla ya hapo anahitaji watu wa nyumbani kwake waamini kwamba akili yake inastahili kulindwa.